Miunganisho Iliyokufa Ndani ya Akiba: Namna ya Kuigundua, Kuitupa, na Kujua Kama Kazi Irudiwe

Mfumo mmoja niliowahi kuutunza ulikuwa na ugonjwa wa asubuhi. Mtu wa kwanza kuufungua alipata ukurasa wa kosa. Wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu. Kuanzia wa sita mambo yalikuwa shwari hadi kesho yake. Tuliwasha upya seva, tukalaumu mtandao, tukaongeza memori. Siku nilipofungua faili la mipangilio nikakuta akiba ya miunganisho ya hifadhidata ina nafasi tano. Watu watano wa kwanza walikuwa wakikabidhiwa, mmoja baada ya mwingine, miunganisho mitano iliyokufa usiku.

Akiba hiyo, ambayo kwenye mipangilio utaikuta chini ya neno `pool`, ipo kwa sababu kufungua muunganisho mpya ni ghali. TCP ina salamu zake tatu, usimbaji wa TLS una zake, kisha nywila ihakikiwe. Na kwa PostgreSQL, seva huzaa mchakato mpya kwa kila muunganisho. Basi programu hufungua michache, huiweka, na kila ombi linapokuja huazima mmoja na kuurudisha. Tatizo ni kwamba uliorudishwa jana ukiwa mzima huazimwa leo kana kwamba bado ni mzima, na hakuna aliyeuliza hali.

Mifano hapa ni ya PostgreSQL na MySQL, na msimbo ni wa Python kwa SQLAlchemy, maktaba ya kuzungumza na hifadhidata, lakini hatua zenyewe zinafaa lugha yoyote. Zifuate kwa mpangilio. Ya saba ndiyo ninayokusihi usiiruke, maana sita za kwanza zinakuepusha na kurasa za makosa, na hiyo inakuepusha na data mbovu.

Hatua ya 1: Jua umekufa kifo gani

Muunganisho wa TCP hauna mapigo ya moyo. Ni kumbukumbu mbili: moja kwenye mashine yako, nyingine kwenye mashine ya hifadhidata, kila moja ikiamini inazungumza na mwenzake. Katikati, fayawoli na ruta za NAT, zile zinazobadilisha anwani za mtandao, huweka kumbukumbu zao pia. Kumbukumbu mojawapo ikifutika, wengine hawapati habari mpaka mtu ajaribu kuzungumza.

Kifo cha wazi hutokea seva ya hifadhidata inapozimwa kwa utaratibu, inapowashwa upya, au msimamizi anapokata muunganisho. Seva hutuma pakiti ya kufunga, FIN au RST, na mashine yako hujua. Programu ikijaribu kuutumia hupata kosa papo hapo. Kifo hiki ni rahisi, na maktaba nyingi za akiba hukishughulikia zenyewe.

Kifo cha kimya ni kingine kabisa. Fayawoli imefuta kumbukumbu yake kwa sababu hamjazungumza muda mrefu, au mashine ya hifadhidata imekatika umeme, au njia ya mtandao imebadilika. Hakuna pakiti ya kuaga. Programu yako inatuma swali, hakuna jibu, na Linux inajaribu tena na tena. Kwa kawaida ya Linux, ambapo `tcp_retries2` ni 15, majaribio hayo huchukua takriban sekunde 924 kabla kosa halijarudi: zaidi ya robo saa ombi moja limeganda.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo. Swali likishapokelewa upande wa pili, na mashine ile ikafa kabla ya kujibu, upande wako hauna cha kutuma tena, unasubiri tu. Hapo kinachoweza kukuokoa ni pakiti za uhai za TCP (keepalive), pakiti ndogo za kuuliza kama upande wa pili bado upo, nazo kwa kawaida ya Linux huanza baada ya sekunde 7200, yaani saa mbili, kisha hutumwa tisa kwa mwachano wa sekunde 75. Na hizo ni pale zilipowashwa kwenye soketi, yaani ncha ya muunganisho iliyo upande wa programu. Zisipowashwa, utasubiri bila mwisho.

Sasa fungua logi zako utafute alama. PostgreSQL hutoa msimbo wa kosa wa herufi tano. Unaoanza na `08` ni wa muunganisho, kwa mfano `08006`. `57P01` ni msimamizi amekata, `57P02` seva imeanguka, na `57P03` seva bado haijawa tayari kupokea wageni. Kwa MySQL tafuta `2006`, lile kosa maarufu la `MySQL server has gone away`, na `2013`, muunganisho uliopotea katikati ya swali. Kuanzia toleo 8.0.24 MySQL pia hutoa `4031` inapokufungia kwa sababu ya kukaa kimya.

Jua vilevile yasiyo makosa ya muunganisho. `23505` ni thamani ya kipekee iliyorudiwa, `40P01` ni miamala miwili iliyofungana (muamala ni kundi la amri zinazofaulu au kushindwa pamoja), `40001` ni miamala iliyogongana. Muunganisho uliokupa makosa haya ni mzima. Rudisha muamala nyuma uendelee nao. Nimeona msimbo unaotupa muunganisho kwa kosa lolote lile, na siku ambayo watumiaji wengi wanajaza fomu vibaya mfumo huo hufungua na kufunga miunganisho mpaka hifadhidata ichoke.

Hatua ya 2: Tafuta kikomo kifupi kuliko vyote njiani

Kati ya programu na hifadhidata kuna wakaguzi kadhaa, na kila mmoja ana subira yake. Andika orodha yao kwenye karatasi. MySQL hukata muunganisho uliokaa kimya sekunde 28800, saa nane, kwa mujibu wa `wait_timeout`. Ndiyo maana mfumo unaolala usiku huamka mgonjwa. PostgreSQL haikati yenyewe isipokuwa mtu ameweka `idle_session_timeout`, iliyoingia toleo la 14. PgBouncer, akiba inayokaa kati ya programu na PostgreSQL, hufunga muunganisho wake na seva usiotumika baada ya sekunde 600. NAT ya AWS husahau baada ya sekunde 350, na kisawazisha mzigo cha Azure, usipokibadilisha, baada ya dakika 4.

Usiamini karatasi peke yake. Fungua `psql` au `mysql` kutoka kwenye mashine ile ile inayoendesha programu, uliza `SELECT 1`, kaa dakika tano, uliza tena. Kisha kumi, kisha ishirini. Ukiona swali limeganda badala ya kurudisha kosa, kuna kifaa katikati kinachofuta kumbukumbu kimya kimya. Jaribio hili linakula asubuhi nzima lakini ni kazi ya kukaa tu, na nambari utakayoipata ndiyo itakayoongoza hatua mbili zinazofuata.

Hatua ya 3: Uue wewe kabla haujauawa

Weka umri wa juu wa muunganisho uwe mfupi kuliko kikomo ulichokipata, na uache nafasi ya kutosha. HikariCP, akiba inayotumika sana kwenye Java, tayari ina `maxLifetime` ya dakika 30. SQLAlchemy haina: `pool_recycle` ni -1, maana yake muunganisho unaishi milele mpaka useme vingine. Go nayo haiweki umri mpaka uite `SetConnMaxLifetime`. Ukitumia hizi mbili bila kugusa mipangilio, unategemea bahati.

Kikomo kikiwa kirefu, kama saa nane za MySQL, umri wa juu unatosha. Kikiwa kifupi kama sekunde 350, kufunga na kufungua kila dakika tano ni upotevu. Hapo ni bora kuufanya muunganisho uonekane hai kwa kutuma pakiti za uhai za TCP kila sekunde 60 hivi. NAT na fayawoli huzihesabu kama mazungumzo.

Ila pakiti hizo hazimdanganyi kila mtu. `wait_timeout` ya MySQL inahesabu muda tangu amri ya mwisho, si pakiti ya mwisho. Unaweza kutuma pakiti za uhai usiku kucha na bado seva ikakufungia saa nane zikitimia. Ukiwa na vyote viwili njiani, fayawoli yenye subira fupi na MySQL yenye kikomo chake, unahitaji tiba mbili: pakiti za uhai kwa ajili ya ile, umri wa juu kwa ajili ya huyu.

Jambo dogo ambalo maktaba nyingine hazikufanyii: miunganisho iliyozaliwa pamoja programu ilipowashwa itafikisha umri pamoja, na yote itafunguliwa upya kwa sekunde ile ile. HikariCP huchanganya umri kidogo ili isiondoke kwa mkupuo. Kama akiba yako haifanyi hivyo na una nakala nyingi za programu, mpe kila nakala umri tofauti kidogo.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kuazima

Hata ukipanga umri vizuri, hifadhidata itawashwa upya siku moja mchana. Kwa hiyo akiba iulize muunganisho hali kabla ya kuutoa. SQLAlchemy ina `pool_pre_ping=True`. HikariCP hukagua yenyewe kwa `isValid()`, isipokuwa kama muunganisho ulitumika ndani ya milisekunde 500 zilizopita. PgBouncer hukagua ule uliokaa zaidi ya sekunde 30 bila kazi. Gharama ni safari moja ya kwenda na kurudi kwa kila uazimaji. Hifadhidata ikiwa karibu hutaisikia. Ikiwa mbali, iga HikariCP au PgBouncer na ukague tu uliokaa.

Watu hufanya makosa mawili hapa, na yote nimeyafanya. La kwanza ni kudhani ukaguzi ni dhamana. Muunganisho unaweza kujibu sasa ukafa milisekunde mbili baadaye, swali lako likiwa njiani. Ukaguzi unapunguza makosa kwa kiasi kikubwa, lakini msimbo wako lazima uwe tayari kwa yanayobaki. La pili ni kukagua bila kikomo cha kusubiri. Kama muunganisho umekufa kifo cha kimya, swali la ukaguzi nalo linaganda kama swali lolote, na sasa akiba nzima imekwama ikijiuliza kama iko hai.

Halafu kuna muunganisho ulio hai lakini haufai. Seva kuu ikibadilishana zamu na replika, yaani seva ya nakala yake, muunganisho wako unaweza kubaki wazi na ile iliyokuwa kuu, ambayo sasa ni ya kusoma tu. `SELECT 1` inapita bila shida. Kuandika kunakataliwa kwa kosa `25006`. Ukipata kosa hilo mahali ulipotarajia seva kuu, uhesabu muunganisho huo umekufa na uutupe. Kwenye PostgreSQL ongeza pia `target_session_attrs=read-write` kwenye anwani ya kuunganishia, ili mpya zisifunguliwe kwenye seva isiyo sahihi.

Hatua ya 5: Weka kikomo kwa kila kusubiri

Kama ningeruhusiwa kurekebisha kitu kimoja tu kwenye mfumo nisioujua, ningeanza hapa. Mifumo mingi haiangushwi na muunganisho mmoja uliokatika. Inaanguka kwa sababu maombi kumi yanasubiri miunganisho kumi iliyokufa kimya, la kumi na moja linasubiri nafasi kwenye akiba, na baada ya dakika moja kila kitu kimesimama huku hifadhidata yenyewe ikiwa nzima imekaa bila kazi.

Kuna kusubiri kwa aina nne, na kila moja ina kikomo chake.

Kwanza, kusubiri nafasi kwenye akiba. HikariCP na SQLAlchemy husubiri sekunde 30, muda mrefu mno kwa mtu aliye mbele ya skrini; mimi huweka 5. Maktaba ya `pg` ya Node.js husubiri bila mwisho usipoweka `connectionTimeoutMillis`.

Pili, kusubiri muunganisho mpya ufunguke. Kwa PostgreSQL ni `connect_timeout`, na usipoiweka, hakuna kikomo.

Tatu, kusubiri jibu kwenye soketi. Kwa draiva (maktaba inayoiunganisha programu na hifadhidata) ya Java ya PostgreSQL ni `socketTimeout`, ambayo kawaida yake ni sifuri, yaani haipo. Kwa draiva zinazotumia libpq, maktaba ya C ya PostgreSQL, kazi hiyo hufanywa kwa pamoja na pakiti za uhai na `tcp_user_timeout`, iliyoongezwa toleo la 12.

Nne, muda ambao seva yenyewe itaruhusu swali liendelee: `statement_timeout`. Wengi huweka huu peke yake na kuona wamemaliza. Kumbuka unasimamiwa na seva. Mtandao ukikatika, seva itaua swali lake kwa wakati na kutuma taarifa isiyokufikia. Upande wako unabaki umeganda vilevile. Uweke, kwa sababu unazuia seva kuhangaika na swali ambalo mwenyewe ameshaondoka, lakini uwe mfupi kuliko kikomo cha soketi, ili seva ipate nafasi ya kukujibu kabla hujakata tamaa.

Hatua ya tatu, ya nne na ya tano zikikusanywa zinaonekana hivi:

```python
injini = create_engine(
    anwani,
    pool_size=10,
    max_overflow=0,
    pool_timeout=5,
    pool_recycle=1500,
    pool_pre_ping=True,
    connect_args={
        "connect_timeout": 5,
        "keepalives_idle": 60,
        "keepalives_interval": 10,
        "keepalives_count": 3,
        "tcp_user_timeout": 30000,
        "options": "-c statement_timeout=15000",
    },
)
```

Kwa mipangilio hii, kifo cha kimya katikati ya swali hugundulika ndani ya dakika moja na nusu hivi badala ya saa mbili. Ukaguzi wa kabla ya kuazima ukiangukia kwenye muunganisho ulioganda hukwama si zaidi ya nusu dakika. Kama hata hiyo ni ndefu kwa kazi yako, punguza. Kuwa mwangalifu tu usishuke chini ya muda ambao mtandao wako huyumba kwa kawaida.

Hatua ya 6: Uliokufa usirudi kwenye akiba

Kosa la muunganisho likitokea, muunganisho utupwe. Akiba nzuri hulijua hili. SQLAlchemy huenda mbali zaidi: ikigundua mmoja umekatika, huihesabu mingine yote iliyofunguliwa kabla ya wakati huo kuwa ya kubadilishwa. Ni uamuzi wa busara, maana seva ikiwashwa upya haibagui. Mfumo wangu wa asubuhi ungekuwa na tabia hiyo, angeumia mtu mmoja badala ya watano.

Ukiandika usimamizi huu mwenyewe, angalia sehemu tatu zinazovuja. Msimbo wa kusafisha kwa kawaida huita `ROLLBACK`, amri ya kurudisha muamala nyuma, kabla ya kurudisha muunganisho. Juu ya muunganisho uliokufa, `ROLLBACK` nayo hushindwa, na kosa lake hufunika kosa la kwanza ulilotaka kuliona kwenye logi. Limeze la pili, liandike la kwanza.

Kazi iliyokatizwa katikati, kwa mfano ombi lililofutwa huku swali likiwa bado linaendelea, huacha muunganisho ukiwa na jibu ambalo halijasomwa. Uko hai, ila anayefuata anaweza kupokea majibu ya mwenzake. Usijaribu kuusafisha. Utupe.

Na mchakato ukizaa mchakato mwingine baada ya akiba kufunguliwa, wote wawili wanashika soketi zile zile. Dalili zake huchanganya sana: makosa ya TLS yasiyoeleweka, majibu yaliyovurugika, miunganisho inayofungwa bila sababu. Mtoto aanze na akiba yake mwenyewe. Kwa SQLAlchemy, ndani ya mchakato mpya ita `injini.dispose(close=False)`, ambayo inasahau miunganisho ya mzazi bila kumfungia.

Kwa wanaotumia `pg` ya Node.js: sajili `pool.on('error', ...)`. Muunganisho ukikatika ukiwa umelala ndani ya akiba, maktaba hutoa tukio la kosa, na tukio la kosa lisilo na msikilizaji huangusha programu nzima.

Hatua ya 7: Amua kama kazi irudiwe

Muunganisho umekufa, umetupwa, mpya umefunguliwa. Je, kile ulichokuwa unafanya kifanyike tena? Jibu linategemea ulikatika wapi.

Ulikatika kabla hujatuma chochote: rudia bila wasiwasi. Hapa ndipo Go inaporudia yenyewe. Draiva inaporudisha `driver.ErrBadConn`, maktaba ya `database/sql` hujaribu muunganisho mwingine. Na maelezo yake yanaionya draiva isitoe kosa hilo kama kuna uwezekano seva ilikuwa imeshatekeleza amri. Onyo hilo ndilo kiini cha hatua hii.

Ulikatika katikati ya muamala, kabla ya `COMMIT`, amri ya kuukamilisha: seva itaurudisha nyuma muamala wote. Rudia, lakini rudia muamala mzima tangu mwanzo. Usirudie ile amri moja iliyoshindwa. Ukirudia amri ya tatu peke yake kwenye muunganisho mpya, mbili za mwanzo zimeshapotea na ya tatu inaingia ikiwa yatima. Data inakuwa nusu, na hakuna kosa lolote kwenye logi la kukuambia.

Ndiyo sababu siungi mkono draiva zinazojiunganisha upya kimya kimya. Muunganisho una hali yake: mipangilio ya `SET`, majedwali ya muda, kufuli, muamala ulio wazi. Mpya hauna hata kimoja, na programu haijaambiwa. MySQL imeuweka mpangilio wa aina hiyo kwenye maktaba yake ya C, `MYSQL_OPT_RECONNECT`, kati ya vitu vitakavyoondolewa, tangu toleo 8.0.34. Kama bado unautumia, uzime.

Ulikatika baada ya kutuma `COMMIT`, kabla ya jibu: hapa huwezi kujua. Huenda amri haikufika. Huenda ilifika, ikatekelezwa, na ni jibu lililopotea njiani. Kwa upande wako hali hizi mbili zinafanana kabisa. Ukirudia, mteja anaweza kukatwa pesa mara mbili. Usiporudia, malipo yanaweza yasiwepo kabisa.

Watu wengi hujibu kwa kuuliza kwanza: fungua muunganisho mpya, tafuta safu, ikiwapo acha, isipokuwapo andika. Inaonekana salama, lakini ina tundu. Mchakato wa zamani upande wa seva huenda bado unaendelea, haujui kwamba wewe umeshaondoka. Unauliza, safu haionekani kwa sababu muamala haujakamilika, unaandika yako, ile ya kwanza nayo inakamilika. Zimekuwa mbili.

Kinachofaa ni ufunguo. Kabla ya jaribio la kwanza, programu itengeneze kitambulisho cha kipekee cha kazi hiyo, na kisibadilike katika marudio yote. Jedwali liwe na sharti la upekee kwenye safuwima hiyo:

```sql
INSERT INTO malipo (ufunguo, akaunti, kiasi)
VALUES (:ufunguo, :akaunti, :kiasi)
ON CONFLICT (ufunguo) DO NOTHING;
```

Kama ufunguo ule ule uko ndani ya muamala mwingine usiokamilika, PostgreSQL haikisii. Inasubiri muamala ule uishe. Ukikamilika, yako haiandiki kitu. Ukirudi nyuma, yako inaandika. Lile tundu limezibwa na hifadhidata yenyewe. Kisha angalia idadi ya safu zilizoandikwa. Ikiwa 1, endelea kupunguza salio ndani ya muamala huo huo. Ikiwa 0, kazi ilishafanyika, mwambie mtumiaji imekamilika. Ukisahau kuangalia idadi na ukapunguza salio bila kujali, ufunguo wote umekuwa pambo.

Baada ya hapo, kurudia kunakuwa rahisi:

```python
def tekeleza(kazi, mara=3):
    for jaribio in range(1, mara + 1):
        try:
            with injini.begin() as mu:
                return kazi(mu)
        except DBAPIError as kosa:
            if not kosa.connection_invalidated or jaribio == mara:
                raise
            time.sleep(random.uniform(0, 0.2 * 2 ** jaribio))
```

Ndani ya `kazi` pasiwe na barua pepe wala ujumbe wa simu wala wito kwa mfumo mwingine. Muamala ukirudiwa, hivyo navyo vitarudiwa, na hifadhidata haina uwezo wa kuvirudisha nyuma.

Usingizi wa nasibu hapo chini una kazi yake. Hifadhidata ikizinduka baada ya kuanguka, nakala zote za programu huikimbilia pamoja. PostgreSQL hupokea miunganisho 100 usipobadilisha `max_connections`. Nakala 20 zenye akiba ya 10 kila moja zinataka 200. Nusu zitakataliwa kwa kosa `53300`, zitarudia mara moja, zitakataliwa tena, na seva inatumia nguvu zake zote kukataa wageni. Piga hesabu ya nakala mara ukubwa wa akiba leo, kabla ya siku hiyo. Na majaribio yawe machache, matatu yananitosha.

Hatua ya 8: Vunja kwa makusudi

Usingoje usiku wa tukio ili ujue kama umepanga vizuri. Kwenye mazingira ya majaribio, programu ikiwa inapokea maombi, kata yote:

```sql
SELECT pg_terminate_backend(pid)
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = 'majaribio' AND pid <> pg_backend_pid();
```

Hicho ni kifo cha wazi. Ukaguzi na kurudia vikifanya kazi, mtumiaji hataona kitu zaidi ya kuchelewa kidogo. Kwa MySQL tumia `KILL` na nambari ya muunganisho.

Kifo cha kimya kinahitaji pakiti zitupwe bila taarifa. Kwenye mashine ya programu:

```
iptables -A OUTPUT -p tcp --dport 5432 -j DROP
```

Shika saa. Maombi yanapaswa kushindwa ndani ya vikomo ulivyoweka, wala yasigande. Wakati huo angalia soketi kwa `ss -tno`, utaona vihesabu vya kujaribu tena vikipanda. Ondoa kanuni hiyo kwa `-D` badala ya `-A`, kisha pima akiba inachukua muda gani kurudi katika hali yake bila mtu kuwasha upya programu. Ikibidi uiwashe, rudi hatua ya 5.

La mwisho ni la `COMMIT`. Weka programu ya majaribio itume muamala wa malipo, na mara tu baada ya kutuma `COMMIT`, kabla ya kusoma jibu, ifunge soketi yake yenyewe. Iache irudie kwa ufunguo ule ule. Fanya hivyo mara elfu moja, kila mara kwa ufunguo mpya, kisha hesabu safu zilizo kwenye jedwali la `malipo` na ulinganishe salio la akaunti. Safu ziwe elfu moja kamili, na salio lipungue kwa kiasi hicho hicho.